Mama mkwe amesukuma tuktuk yangu

Leo mama mkwe amesukuma tuktuk na mimi nimekaa ndani.

Ni hii yangu ya stima. Juzi nilitoa betri za zamani, zile nzito za asidi, nikaweka lithiamu. Leo nikamchukua mama kutoka Uriri nimpeleke kanisani Suna.

Yeye nyuma, mimi mbele, macho barabarani. Mnajua heshima ya mkwe.

Sasa, betri za zamani zilikuwa zinachoka kama mtu. Mwendo unapungua, unajua ni wakati wa kurudi kuchaji. Hata leo nilikuwa nangoja ichoke kwanza.

Lithiamu haichoki. Inavuta vizuri, halafu inakata ghafla.

Imekata kwa mlima.

Nikashuka nisukume. Ikaanza kurudi nyuma, maana hakukuwa na mtu kwa breki.

“Rudi ukae,” mama akasema bila kuniangalia. Akajifunga leso kiunoni, akasukuma.

Watu wa sokoni wakasimama. Mmoja akamuuliza, “Mama, huyo ni nani unasukuma?”

“Ni mkwe. Nilishampa msichana, leo nampa nguvu.”

Wazee mlioko humu, nauliza tu: hapa kumwomba mama msamaha nachinja kuku ama mbuzi?