Maiki Iliyosinzia Kabla ya Mama Kuimba

Mama yangu ndiye anayeanzisha wimbo wa mavuno katika kwaya ya akina mama hapa Lulindi, na hajawahi kuuanza kwa haraka. Kinanda kikinyamaza, hufumba macho na kutulia mpaka watu waanze kukohoa, ndipo hutoa lile "Asante, Bwana, kwa mvua."

Mwaka juzi waliamua wimbo urekodiwe, kwa sababu siku ya mavuno akina mama huingia na vikapu vya mihogo kichwani, na kubeba huku unaimba ni kutafuta kuanguka. Kazi nikapewa mimi. Niliitaka kwa moyo wote, maana mama alikuwa akiwaambia watu kwamba fundi kompyuta ni mtu anayesubiri kazi.

Rekodi ya kwanza ikatoka bila "Asante." Ya pili, vivyo hivyo. Mwalimu wa kwaya akavua miwani.

"Tumemwita Bwana, tumemtajia mvua, basi? Hata shukrani hakuna?"

"Samahani, Mwalimu. Maiki inasinzia."

"Ikisinzia tena, tunakwenda studio Masasi."

Sikudanganya. Maiki ilikuwa ya USB, na kerneli, yaani kiini cha mfumo wa kompyuta, ni bahili wa umeme kupindukia. Ikiona waya wa USB haupitishi kitu cha maana, inaulaza. Mama akianza kuimba, waya ndio kwanza unapiga miayo, na "Asante" imekwishapita.

Nikamsihi mama afupishe kile kimya.

"Tangu lini mtu mzima akaharakishwa na waya?" akanijibu.

Basi nikafungua mipangilio ya kerneli, nikazima kila kipengele kinachoruhusu USB kulala, nikaiunda upya kutwa nzima huku feni ikilia kama mashine ya kusaga. Tukarekodi tena. "Asante" ikaingia, nzima, nene! Nilifurahi kama mtoto. Nikapandisha sauti zote ndogo ili zisikike mpaka nje, nikalisikiliza lile neno moja tena na tena, nikampelekea Mwalimu. Kimya cha kabla yake sikukisikiliza. Nani anasikiliza kimya?

Siku ya mavuno akina mama wakaingia na vikapu, mama mbele. Kwenye spika kinanda kikanyamaza. Kisha ukatoka mnong'ono wa mama, mkubwa kama tangazo la mnada wa korosho:

"Ee Bwana, huyu mwanangu anayeshinda na nyaya, mpatie kazi ya kueleweka. Na mke. Hata akitoka kule Newala kwenye shida ya maji, tutawachotea na wazazi wake."

Kanisa zima likaitikia, "Amina!"

Nilitamani ardhi inimeze. Na aliyeitikia kwa sauti kuliko wote alikuwa mama mwenyewe, kikapu kichwani, wala hakugeuka.