Bendera Juu ya Bati la Bi Melania

Bi Melania Ordóñez alihamishwa mara mbili maishani, na mara zote mbili alitukana. Kwanza ukame ulimtoa kwao Loja akiwa msichana, akalitukana jua. Kisha wachimba mafuta wakammwagia uchafu kisimani. Akawatukana wao na waliowazaa. Alipofika kando ya mto San Miguel, mwisho kabisa wa Ecuador, alisimamisha nguzo ya kwanza ya nyumba akasema, "Hapa nitaondoka nimebebwa." Akapanda migomba, kisha kakao. Mume akafa, watoto wakaenda mjini, kakao ikabaki: miti mia nane, naye anaijua mmoja mmoja kama mama mkwe anavyojua makosa ya mkwewe.

Ng'ambo ya mto ni Colombia, na kule wanalima koka, mmea wa kokeini. Serikali yao, ikishikwa mkono na wakubwa wa mbali, iliamua kuimaliza kwa kuinyunyizia sumu kutoka angani. Haya, nchi yao, koka yao. Lakini mto wenyewe mwembamba, ukitukana huku unajibiwa kule. Ndege zilipita mara ya kwanza, na wiki mbili baadaye migomba ya Bi Melania ilikuwa manjano tupu. Kakao ilinusurika kwa kuwa mbali kidogo na maji.

Akapanda boti hadi mjini, akambwagia karani wa serikali mgomba mzima mezani.

"Mama, majirani wa ng'ambo wanasema ndege zao hazivuki," karani alisema, akipangusa udongo kwenye karatasi zake. "Labda ni ugonjwa tu."

"Ugonjwa una injini, mwanangu?"

Mtu wa ofisini akibanwa hutoa ushauri. Akamwambia apake bendera ya taifa juu ya bati, ili rubani ajue pale ni Ecuador.

Basi mwanamke wa miaka sitini na moja akapanda paani na makopo matatu ya rangi: manjano, buluu, nyekundu. Ilimchukua siku mbili na kiuno. Alipomaliza, jirani yake Rosendo, mzee mvivu lakini bingwa wa kukagua kazi za wenzake, alisimama uani akiinua shingo.

"Hongera, Bi Melania. Umekuwa Mcolombia."

"Hebu nitolee mkosi hapa."

"Bendera yao nayo ni manjano, buluu, nyekundu. Yetu ina nembo katikati. Bila yule kondori, wewe umemwambia rubani karibu, mwaga."

Bi Melania akateremka kutoka paani. Kilichomuuma ni kwamba mzee alisema kweli. Akachakura daftari la shule la binti yake, akaipata nembo: mlima, meli, na juu yake kondori, yule tai wa milimani, ametandaza mabawa. Mlima ulitoka kama chungu. Meli akaisamehe. Kondori alitoka mnene, hana shingo, kuku mtupu anayelalia mayai.

Arcesio, mkulima wa koka wa ng'ambo, alipaza sauti kutoka kwenye mtumbwi wake. "Mama, huyo kuku ataangua lini?"

"Siku utakayooga."

Akili ni nywele. Wiki haikuisha, Arcesio naye alikuwa amepaka bati lake manjano, buluu, nyekundu, na kuku katikati. Wenzake wakafuata. Ukitazama kutoka angani, Ecuador ilikuwa imevuka mto bila kufyatua risasi hata moja.

"Mnaniharibia nchi, washenzi nyie," Bi Melania aliwapigia kelele.

"Mama, chini ya kuku tunaenea wote," Arcesio akamjibu.

Ndege zilirudi Jumanne asubuhi, nne, chini chini, upepo ukivuma kuja huku. Kama rubani aliwaona kuku, hakuwajali. Bi Melania alisimama katikati ya kakao akipunga aproni, akatukana hadi sauti ikamkauka. Umande unaonata ukamtua mikononi. Safari hii ulifika kila mahali.

Ng'ombe wa maskini hazai. Mwezi haukupita, miti mia nane ilikuwa imesimama mikavu. Alipita mmoja baada ya mwingine akikwaruza gome kwa ukucha, akitafuta ubichi, asiupate.

Na koka? Arcesio alikuwa ameikata mashina siku ileile, kabla sumu haijashuka mizizini. Sasa ilikuwa inachipua vizuri tu. Siku moja akavuka na gunia lililolowa, na hakuja na mzaha.

"Nimekuletea miche, Mama. Huku kwenu hawanyunyizi, yaani si kwa makusudi. Wenzangu wengi wanahamia upande huu."

"Miaka thelathini natazamana na huo uchafu wenu, sijaugusa."

"Najua. Lakini kakao mpya itataka miaka minne. Utakula nini?"

"Sihami, Arcesio."

"Najua. Ndiyo maana nimekuletea."

Bi Melania alilia mbele yake bila kujifunika uso, na hakumtukana mtu. Kisha akaingia ndani, akatoka na jembe, akasimama kando ya lile gunia.

"Hivi," akauliza kwa sauti ndogo, "shimo na shimo yanaachana kiasi gani?"