Mimi Si Inasemekana

Mara ya kwanza nilipozisoma zile kurasa nilidhani aliyezipiga chapa amezichanganya. Katika sura ya tatu mjenzi wa daraja anateleza, anaanguka mtoni na kufa. Mkewe analia, kengele inapigwa, anazikwa. Katika sura ya nne yuko mezani kwake anakula mkate na jibini, na hakuna hata mmoja nyumbani anayeshangaa. Nilizitandaza kitandani nikazipanga upya, ya nne kabla ya ya tatu, mambo yakazidi kuharibika, kwa sababu katika hiyo ya nne mtu huyo anamwambia mkewe kwamba amesikia kuna fundi aliyezama.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini, nami nilikuwa nikiishi Gatwekera, mtaa wa Kibera. Shule niliiacha mapema. Niliondoka siku moja kwenda kuona jinsi meli ya ziwani inavyotiwa makaa, na niliporudi shule ilikuwa imeshanisahau. Tangu hapo nilikuwa mtu wa huku na huku: kupakia kabichi, kulinda lango la watu, kuchanganya simiti, kupaka rangi. Kazi ya rangi ndiyo iliyonifikisha kwenye ukumbi mmoja wa kanisa kule Kawangware. Nikiwa juu ya ngazi nilimsikia mwalimu kijana akiwasomea watu wachache riwaya ya Kiingereza, nikauliza swali kutoka huko juu. Akaniambia nishuke. Ukuta ule ulichukua muda mrefu kuliko ilivyotarajiwa.

Mwalimu alikuwa amerudi kutoka Uingereza, ambako alisomea riwaya mpya za Waingereza zinazohusu mambo ya kale. Jioni za wiki aliwafundisha watu wazima wanaojiandaa kwa mitihani. Jumamosi alasiri alisoma nasi alichokipenda yeye, akitugawia riwaya sura moja moja iliyopigwa chapa. Neno lake kubwa lilikuwa posti-modeni. Mama mmoja darasani, aliyekuwa akifanya kazi ya kufua nguo, alikaa wiki kadhaa akiamini tunazungumzia posta mpya itakayojengwa Kawangware. Siku alipouliza kama itauza stempu hata Jumapili, mwalimu alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu.

"Mwalimu, karatasi zangu zimechanganyika," nilimwambia.

"Hazijachanganyika. Ndivyo alivyoandika."

"Sasa huyu jamaa alikufa ama hakufa?"

"Wewe unaonaje?"

Hakuna kilichonikera kama hilo wewe unaonaje. Nilikuwa nimetoka Kibera kwa miguu, nikapita Jamhuri, nikavuka Ngong Road na vumbi lake, na sikuja kuulizwa ninavyoona mimi. Aliyeandika ndiye aseme. Nikamwambia hivyo.

"Lakini hata yeye hakuwepo," mwalimu alisema, na uso wake ukachangamka. "Hapo ndipo penyewe. Waandishi wa zamani walikuandikia mambo ya kale kana kwamba walikuwa wamejificha chini ya meza wakisikiliza. Hawa wapya wanakuonyesha mshono. Wanakwambia: mimi nimetunga, na yule aliyeandika kitabu cha historia naye ametunga kidogo. Yaliyopita hatuna. Tulicho nacho ni yaliyosemwa."

Akageuka akaandika ubaoni kwa herufi kubwa: INASEMEKANA. Akasema neno hilo lingefaa kuwekwa mbele ya kila sentensi ya historia duniani. Nililichukia nilipolisikia, na njia nzima ya kurudi nyumbani nilikuwa nikilitamka.

Mlango wa pili kutoka kwangu aliishi fundi wa mawe ambaye mara nyingi nilimchanganyia simiti, pamoja na mama aliyekuwa akiuza omena, dagaa wa ziwani, kwenye soko la Kisumu Ndogo papo hapo Kibera. Walikuwa watu wazima, naye fundi alikuwa akichechemea. Nilikula kwao mara nyingi kuliko nilivyokula kwangu, na kila nikitoka Kawangware walitaka kusikia daraja limefika wapi. Niliposimulia ile sura ya nne, mama aliweka mwiko chini.

"Na yule bibi aliyelia?"

"Anakaanga mayai."

"Amelia bure?"

"Kwenye hiyo sura hajalia."

"Mwandishi wako hana adabu," alisema mama. "Huwezi kumliza mtu halafu useme hakulia."

Fundi alicheka mpaka akakohoa. Yeye alimpenda yule Mwingereza, na haikunishangaza, maana kwa kusimulia walikuwa ndugu. Mguu wake ulivunjika kule Bama katika vita vya pili vya dunia, kama alivyonieleza tukijenga choo cha shule. Mguu huohuo uliponzwa na ngazi mbovu kule Nakuru, kama alivyonieleza tukijenga ukuta wa duka. Nilipomkumbusha ile ya kwanza, aliniambia nilete simiti.

Kisha fundi akaugua kifua, na kabla mvua hazijaisha akafariki.

Ndugu yake alifika kutoka kwao ziwani kuuchukua mwili. Alikuwa mzee mnyoofu, mwenye kofia ambayo hakuivua hata mlangoni. Kibera mwili hauondoki kabla ya historia ya marehemu kusomwa mbele ya watu: alizaliwa wapi, alibatizwa na nani, alifanya kazi gani, ameacha nani. Hilo la mwisho ndilo watu hulisikiliza. Ukitajwa, ulikuwepo. Usipotajwa, wewe ni jirani uliyekuja kunywa chai. Na kwa kuwa ilijulikana kwamba ninasoma Kawangware, kazi ya kuiandika ilianguka kwangu.

"Andika," alisema yule ndugu. "Alikuja Nairobi kwa kazi ya ujenzi. Ameacha mke na watoto, nyumbani. Basi."

"Na mama wa hapa?"

"Huyu mama alimpikia. Hata hoteli inapika." Alisema hivyo mama akiwa palepale, akimmiminia chai. "Hakuna ng'ombe wa mahari aliyetoka kwetu kwenda kwao. Ningejua. Ni mimi nilikuwa nachunga."

"Alipeleka, shemeji," mama alisema. "Aliniambia alipeleka."

"Usiniite shemeji. Ng'ombe ndio huleta shemeji."

Wote wawili wakanigeukia. Mimi nilikuwa nimefanya kazi na marehemu, nami bila shaka nilijua. Shida ni kwamba nilijua sana. Siku moja juu ya jukwaa la ujenzi fundi alinieleza jinsi alivyowaswaga ng'ombe hao kwa mikono yake, na jinsi mmoja alivyokataa kuvuka mto. Siku nyingine nilimuuliza walifika salama, akacheka, akaniita ndugu kwa Kijaluo kama kawaida yake, akasema, "Hao bado wako njiani, omera."

Baadaye mama alinifuata nje. Hakulia wala hakunisihi. "Mimi sitaki shamba lao," alisema. "Nataka kutajwa. Akienda bila mimi kutajwa, hii miaka yote nilikuwa nafanya nini?"

Nilikaa na karatasi ile nikakuna kichwa, na ndipo neno la mwalimu wangu lilipokuja kunisaidia, au ndivyo nilivyodhani. Niliandika hivi: Inasemekana marehemu alioa mara ya pili hapa Nairobi. Niliisoma kwa sauti, nikajipongeza. Mzee hawezi kusema nimesema alioa. Mama hawezi kusema sikumtaja. Nilijiona nimefika kule walikofika Waingereza.

Sala zilifanyika kwenye uwanja mdogo wa Sarang'ombe, hapo hapo Kibera, jeneza likiwa juu ya viti, lori pembeni. Nilisoma kuzaliwa, nikasoma ubatizo, nikasoma ujenzi. Nikafika pale.

"Rudia hapo," mama alisema kutoka mstari wa mbele, bila kuinuka.

Nikarudia.

"Inasemekana na nani?"

Mwalimu hakuwa amenifundisha kwamba sentensi inaweza kuulizwa swali na mtu aliye ndani yake.

"Nimekaa na huyu mtu miaka mpaka nikisikia mtu anakohoa usiku, popote kwenye plot yetu ya vyumba, najua kama ni yeye ama si yeye," alisema mama. "Leo mimi ni inasemekana?"

Mtu nyuma alicheka. "Kijana, hiyo ni historia ama ni taarifa ya habari?"

"Kama hana uhakika aruke," alisema ndugu wa marehemu. "Aende mbele."

"Aruke nini?" mama mwingine muuza omena aliuliza. "Mtu si shimo."

Mchungaji aliniinamia. "Amua, ndugu yangu. Dereva amewasha injini."

Niliwachukia wote pale: mwalimu na ubao wake, Mwingereza na jibini lake, na zaidi ya wote fundi aliyelala kwenye sanduku baada ya kunipa majibu mawili na kuniachia. Yule mjenzi wa daraja aliweza kufa na kula mkate kwa kuwa mwandishi wake hakuwa na mama ameketi mstari wa mbele. Hakuna aliyekuwa akingoja kutajwa. Kwangu mimi, aliyekuwa akingoja alikuwa ananitazama, na mtandio wake ulinuka moshi wa jiko lililokuwa likinipikia.

Nikasoma: "Ameacha mke hapa Nairobi." Ng'ombe sikuwagusa. Nikaongeza ambayo hayakuwa kwenye karatasi, yale niliyoyaona mwenyewe: kwamba kila jioni mama alimchemshia fundi maji ya kukanda mguu, kwamba fundi hakuwahi kufunua sufuria kabla mama hajarudi kutoka sokoni, kwamba alipougua, mama ndiye aliyembeba mgongoni hadi barabarani, kwa sababu njia ya Gatwekera haipitishi hata mkokoteni.

Mzee aliondoka katikati ya sentensi akaenda kusimama karibu na lori. Mwili ulipopakiwa hakumwambia mama apande, wala hakumwambia asipande. Mama alipanda nyuma na kwaya. Lori likaondoka bila mtu yeyote kuniambia ahsante, na sikuwa nimeitarajia.

Jumamosi iliyofuata nilimweleza mwalimu, na nilijuta. Alifurahi kama mtu aliyeletewa zawadi. "Unaona? Umechagua toleo moja. Umetunga historia."

"Sikutunga. Nilimwona akimbeba."

"Ndiyo, lakini kwa nini uliyataja hayo na si mengine?"

Niliikunja sura ya tano nikaiweka mfukoni kabla sijasema neno ambalo halisemwi kanisani.

Mama alirudi baada ya majuma kadhaa. Nilimkuta Kisumu Ndogo akipima omena kwa kopo la gorogoro, jua likiwaka, naye amevaa koti la fundi, lile la kazini, viwiko vyake vimegandwa na simiti. Mikono imemzidi urefu, ameikunja. Nilijua maana yake, na kila aliyepita alijua. Kwao huko, koti la marehemu huvaliwa na mke wake wakati wa matanga. Halivaliwi na jirani wala na mpishi.

"Kule walisoma historia nyingine," aliniambia. "Kijana wa shemeji ndiye alisoma. Sikuwemo."

"Pole, mama."

"Ngoja. Walipomaliza, mke mkubwa akaingia ndani akatoka na makoti mawili. La kanisani akavaa yeye. Hili akanipa mimi, mbele yao."

"Na mzee?"

"Alivua kofia akaitazama ndani, kama kuna kitu kimeandikwa."

Alinifungia omena kwenye gazeti, akaongeza konzi moja ya bure. Nilisimama pale nikifikiri kwamba sasa kuna historia mbili za fundi, moja Sarang'ombe na moja ziwani, zote zimesomwa kwa sauti mbele ya jeneza moja, na kwamba mwalimu akisikia hatalala kwa furaha. Nikaamua hatasikia kutoka kwangu.

"Na yule mzungu wa daraja," mama aliuliza akifuta mikono kwenye koti, "mwishowe alikufa ama hakufa?"

"Sijui, mama. Nimechoka naye."

"Uliza vizuri," alisema. "Yule bibi yake anataka kujua."