Moshi Ukutani kwa Mjomba

Jumatano ya juma la mwisho la likizo, saa tisa na robo mchana, mjomba alibandua picha ya maporomoko ya maji ukutani, akaikunjakunja na kuitupa nje ya mlango wa studio. Hapo ndipo ilipoanza.

Ile picha ilikuwa turubai kubwa, kutoka darini hadi sakafuni, na karibu kila familia ya Wakongomani hapa mtaani Kansanga imewahi kusimama mbele yake. Maji ya buluu, maua mekundu, na ngazi nyeupe isiyokwenda popote. Ilikuwa imechanika katikati, mjomba akaiziba kwa karatasi ya gundi mpaka maporomoko yakaonekana kama yamefungwa bendeji. Jumamosi alikuwa anakuja bibi harusi na ukoo wake wote, na watu hawavai vitenge vipya ili wakasimame mbele ya ukuta mtupu.

"Niko na ile ya Dubai kwenye kompyuta," mjomba alisema. "Yenye maghorofa. Kesho inaenda kuchapishwa."

"Mjomba," nikasema, "naweza kukupigia ya hapa. Ya vilima."

Sentensi hiyo nilikuwa nimeifanyia mazoezi tangu asubuhi nikipiga deki. Mimi si msemaji. Darasani mwalimu akiniuliza, jibu ninalo, lakini badala ya kupanda mdomoni linashuka tumboni. Kwenye picha ni tofauti. Najua kuona. Sijisifu, ndivyo ilivyo, kama mwingine anavyojua kuimba. Ila likizo nzima kazi yangu studio ilikuwa kushika mwavuli mweupe wa mwanga: inua kidogo, shusha kidogo, usitikise.

Mjomba akanitazama, halafu akatazama nje. Nje kulikuwa na moshi. Mafunjo ya bondeni, upande wa ziwani, yalikuwa yamekauka kwa jua la siku zile, yakashika moto, na upepo ukatuletea moshi wote sisi. Barabara ya Ggaba ilikuwa ya kijivu tangu juzi. Mama yangu, ambaye anauza vitenge mlango unaofuata, alikuwa amefunika marobota yake kwa nailoni na kujifunga leso puani kama jambazi.

"Leo?" mjomba akauliza.

"Leo."

"Utapiga nini leo? Kikohozi?"

Mama alicheka kule kwake, maana ukuta wa katikati ni wa mbao na husikia kila kitu. Nadhani kicheko hicho ndicho kilichomfanya mjomba anipe kamera. Aliivua shingoni polepole, pamoja na ile lenzi ndefu ya harusi ambayo sikuwahi kuruhusiwa hata kuifuta vumbi.

"Ukileta kitu cha kutundika, nakitundika," alisema. "Na Jumamosi wewe utashika kamera, mimi nitashika mwavuli. Ukileta moshi, nachapisha Dubai. Na usisahau, jua mgongoni."

Jua mgongoni ndiyo amri yake ya kwanza. Mpiga picha analigeuzia jua mgongo, anayepigwa analigeuzia uso. Mjomba aliianza kazi hii Bukavu akiwa kijana, na kwa maneno yake, vita vilimnyang'anya vyote isipokuwa amri hiyo.

Nikapanda kilima cha Muyenga kwa miguu. Kifua kiliwasha, lakini miguu ilikuwa na haraka. Juu kabisa, mahali ambapo siku nyingine unaliona ziwa lote, nikaligeuzia jua mgongo kama nilivyoagizwa, nikatazama.

Hakukuwa na ziwa. Kulikuwa na shuka chafu. Nilipiga hivyo hivyo, na lenzi ikaanza kuhangaika, inakwenda mbele, inarudi nyuma, vzz, vzz, inatafuta kitu cha kushika na haikipati. Kwenye kioo cha kamera nikaona kijivu. Nikapiga nyingine, kijivu. Nikajaribu kuweka bati la nyumba moja chini ili jicho lipate pa kutua. Nikapata bati na kijivu. Kwa dakika kadhaa niliyaona maghorofa ya Dubai yakijijenga ukutani, moja juu ya jingine.

Halafu nikageuka kufuta macho, kwa sababu yalikuwa yanatoka machozi ya moshi, na nikayafungua nikiwa nimelielekea jua.

Sijui niandikeje. Upande ule moshi haukuwa mchafu. Jua lilikuwa nyuma yake, na moshi wote ulikuwa umewaka kwa ndani, kama chai ya maziwa kwenye glasi. Mbele kulikuwa na kilima cha Makindye, cheusi. Nyuma yake kilima kingine, cheusi kidogo tu. Nyuma yake kingine, cha kahawia, kisha kingine cha rangi ya majivu, na cha mwisho kabisa kilikuwa kama mtu amekichora kwa pumzi. Siku ya hewa safi vilima hivyo vyote ni kitu kimoja, rundo la mabati na miti. Moshi ulikuwa umeingia katikati yake na kuvitenga.

Tatizo lilikuwa nguzo za umeme. Mahali pazuri palikuwa ghorofa ya pili ya nyumba moja ambayo haijamalizwa kujengwa, na getini alikaa askari wa ulinzi, mzee mrefu wa kutoka kaskazini, kofia imekaa sawasawa, bunduki magotini. Nikapita mbele ya geti. Nikarudi. Nikapita tena. Aibu yangu iko hivyo, huwa inanitembeza.

"Wewe musichana," akaniita. "Wewe napita hapa kama mbuzi inatafuta kamba yake. Nataka nini?"

"Shikamoo afande. Naomba kupanda juu. Nipige picha."

"Picha ya nini?"

"Ya moshi."

Akageuza shingo, akaangalia moshi, akanirudia mimi. "Serikali nasema kimbia moshi, wewe nataka picha yake. Hapana. Nyumba ni ya mukubwa."

Nikaanza kuondoka. Kweli niliondoka, hatua kama tatu hivi. Kisha nikasema bila kugeuka, "Naweza kukupiga na wewe pia, afande. Na kofia."

Akainyoosha kofia. "Na bunduki?"

"Na bunduki."

"Panda. Lakini mimi kwanza."

Basi nikampiga yeye kwanza, amesimama kwenye roshani isiyo na kingo, vilima nyuma yake. Nilijua uso utakuwa giza, maana jua lilikuwa mgongoni kwake na si kwangu, amri ya mjomba imepinduliwa. Lakini nyuma yangu kulikuwa na ukuta wa lipu mpya, mweupe, na ukamrudishia mwanga usoni bila mtu kushika mwavuli. Nilipoangalia kioo nikashtuka. Alitoka kama sanamu. Kila mkunjo wa uso ulionekana, weusi wake ni weusi wake mwenyewe, na nyuma hakuna kilichogombana naye.

"Mimi naonekana kama jenerali," alisema.

"Ndiyo, afande."

"Tuma kwa simu ya mutoto yangu. Leo leo."

Kisha nikafanya yangu. Nikazima ile akili ya lenzi ya kujitafutia, nikaizungusha kwa mkono, polepole, mpaka ukingo wa kilima cha pili ukakata kama wembe. Kamera ilikuwa inajaribu kuugeuza moshi kuwa kijivu kila mara, kama inauonea haya. Nikabonyeza alama ya jua ili iache rangi zilivyo, na rangi zikarudi. Nikaweka kamera juu ya rundo la matofali nisitikise. Nikasubiri kundi la makorongo lipite, halafu nikaona nilikuwa mjinga kusubiri lipite, nikasubiri lirudi. Halikurudi. Nikapiga bila hayo. Nilijua nimeipata kabla ya kuangalia kioo.

Saa kumi na mbili nilikuwa studio. Mjomba aliifungua picha kwenye kompyuta, akaegemea mbele.

"Vilima ni vizuri," alisema. "Sasa tuvisafishe."

Kusafisha ndiyo nusu ya kazi ya studio yetu. Mtu anakuja na chunusi anaondoka bila chunusi. Bibi anakuja na kovu, mjomba anamuuliza kwa heshima kama libaki au liondoke. Nyuso zinapaushwa kidogo, meno zaidi kidogo. Kwa hiyo aliposhika kipanya sikuona ubaya wowote, mpaka alipopata sehemu ya kuondoa ukungu akaivuta hadi mwisho. Moshi ukafa. Vilima vyote vikarukiana, vikawa vyeusi na vya madoadoa, na mbingu ikawa ya buluu kama ndoo ya plastiki.

"Unaona?" alisema. "Ilikuwa na uchafu tu."

Jibu likaanza kushuka tumboni. Nililisikia linashuka. Nikalikamata njiani.

"Mjomba, rudisha."

"Nirudishe nini?"

"Moshi. Moshi ndio picha."

Aliacha kipanya. Hakukasirika, na ingekuwa afadhali angekasirika. "Sikiliza, mama," alisema. Huniita mama anapotaka nielewe. "Wewe ulikuja hapa umebebwa mgongoni, hukumbuki. Watu wetu wakiona moshi juu ya kilima, wanahesabu watoto na kutafuta viatu. Mimi nimwambie bibi harusi asimame mbele ya kitu hicho atabasamu? Watu wetu hawasimami mbele ya moshi."

Hilo sikuwa nimelifikiria. Naandika hapa kwa sababu ni kweli, sikuwa nimelifikiria hata kidogo. Nilikuwa nafikiria rangi. Nikakaa kwenye kiti cha wateja, nikadhani imekwisha.

Ndipo nikaona mkono wangu bado una kamera, na kwenye kioo chake bado yuko afande na bunduki yake. Nikainuka, nikampelekea mjomba. Akaitazama kwa muda mrefu, jicho la kazi.

"Huyu nani kampa mwanga?"

"Ukuta. Hukumpausha, mjomba. Na wala hahitaji."

"Mmh."

"Mbele ya Dubai angepotea."

"Huyu ni askari," alisema. "Askari wamezoea moshi."

Mlango wa duka la pili ukafungwa, na mama akaingia akijifungua leso puani. Alikuwa amesikia yote, kama kawaida ya ukuta wetu.

"Niweke mimi," alisema.

"Yaya," mjomba akasema, maana kwao dada mkubwa ndiye yaya, "unajua ile ni nini?"

"Ni moshi. Nimefua nguo zilezile mara mbili kwa sababu yake, nitakosaje kuujua? Niweke hapo mbele."

"Nasema tu, watu wetu hawawezi..."

"Na mimi ni watu gani?"

Mjomba akainuka kwenye kompyuta. Akamsimamisha mbele ya shuka jeupe. Nami nikachukua mwavuli kwa mazoea, lakini mama akanikazia macho. "Nipigwe na yeye," alimwambia mjomba. Mjomba akauchukua mwavuli mkononi mwangu. Aliushika vibaya, chini mno.

"Inua kidogo," nikamwambia.

"Ona huyu!" alisema, lakini akainua.

Kisha akamkata mama kwenye shuka na kumbandika mbele ya Dubai. Kitenge chake cha njano kikapigana na madirisha, na ghorofa moja likamtoka kichwani kama pembe. Mama akasema anafanana na antena. Mjomba akambandika mbele ya vilima vilivyosafishwa, akawa kama amekatwa kwa mkasi, na kwa kweli ndivyo. Halafu, bila kuambiwa, akarudisha moshi. Mama akatulia pale. Njano ikawa njano. Uso wake ulikuja mbele na vilima vikarudi nyuma kimoja kimoja, vikampisha.

Mama alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha mjomba akijitazama.

"Kule tulikimbia," alisema mwishowe. "Hapa nimesimama. Acha hivyo."

Mjomba alivuta pumzi ndefu, akakohoa, maana ndiyo hewa yenyewe iliyokuwepo. Akaingiza flashi kwenye kompyuta, akanakili, akaichomoa, akaniwekea kiganjani.

"Kesho upeleke wewe mjini," alisema. "Lakini bibi harusi akikataa, unarudi kwenye mwavuli mpaka uolewe."

"Hatakataa," nikasema. Na sauti ilitoka yote.

Asubuhi yake nilikuwa kwa mchapishaji kabla hajainua shata la mlango. Kijana wa mashine aliifungua picha yangu, akakunja uso, akaikuza, akaipunguza.

"Nyabo, hii iko na moshi sana. Nikusafishie? Dakika moja tu, bure."

Watu walikuwa wengi nyuma yangu kwenye foleni, na wote walikuwa wananiangalia. Mashavu yaliwaka moto.

"Usiguse chochote, ssebo," nikasema, nikimwita bwana kwa lugha ya hapa kama alivyoniita bibi. "Chapa hivyo hivyo."

"Hivyo hivyo?"

"Hivyo hivyo."

Akainua mabega, akabonyeza. Sikwenda kukaa kwenye benchi na wengine. Nilisimama kando ya mashine, nikainama, nikaingojea, mpaka ikaanza kutema mbingu kwanza, ukanda kwa ukanda, na ilikuwa ya rangi ya chai ya maziwa.