Droni Yangu Juu ya Ua wa Mama Anaeli

Kosa ni langu, sitamsingizia mtu. Siku ile tulikuwapo wanne: mimi, mdogo wangu Nakunda, bwana harusi aliyenikodi, na Mama Anaeli, jirani yetu hapa Mhezi, ambaye hakujua kwamba yumo kwenye picha. Majina nimebadilisha.

Wazazi walipofariki niliacha shule kidato cha pili, niwalee wadogo zangu. Mama Anaeli ndiye aliyetupikia makande miezi ile. Sasa napiga picha za harusi kwa droni. Kibali ninacho, na nilikuwa nakionyesha kwa majivuno.

Bwana harusi alitaka milima ionekane. Nikaipitisha droni juu ya ua wa mimea ya masale wa jirani. Mama Anaeli alikuwa ameketi uani anaota jua, kichwa wazi, hana unywele hata mmoja.

Tulipokuwa tunakata video, Nakunda akasema, "Dada, huyo Mama Anaeli. Mtoe."

"Kibali ninacho."

"Cha kurusha, dada. Cha kumwonyesha amekupa nani?"

Nilimwambia asinifundishe kazi. Maharage aliyoanika mama yule yalipendeza kwenye picha, sikutaka kuyakata. Nikaituma video kwenye kundi la simu la kijiji.

Kumbe alikuwa anatibiwa saratani kimya kimya. Mwanawe alikuwa akifanya kazi machimbo ya jasi Makanya. Mama hakutaka kijana ajue, asije akaacha kazi. Kijana akaiona kwenye simu. Jioni ileile alikuwa mlangoni kwa mama yake, analia. Kazini hajarudi.

Mtendaji wa kijiji aliniita, akanieleza kwamba sheria inalinda faragha ya mtu uani kwake, na mama ana haki ya kushtaki. Mama Anaeli akakataa. "Nimemlisha, halafu nimfunge?" Kisha akanigeukia. "Mwanangu, mlangoni kwangu hujawahi kupita bila hodi. Huko juu ulipitaje?"

Tangu hapo haoti tena jua.

Wenzangu wenye droni, kibali cha anga si ruhusa ya uani kwa mtu. Ukimwona mtu kwenye picha yako, mwendee, muulize. Akikataa, futa.

Mimi napita nyumba kwa nyumba nikiomba watu wafute video ile. Leo nimepiga hodi nyumba tatu. Wa tatu alifuta mbele yangu, akanimiminia chai, ndipo akakumbuka kwamba alishawatumia shemeji zake wa Kwakoa.

Kesho nateremka Kwakoa.