Geji Ilisema Imejaa, Wakamwondoa Bibi Yangu

Baiskeli ya mume wangu ilikuwa inazima mlangoni kwa bibi yangu, na geji inasema chaji imejaa.

Siyo mara moja. Akitoka mjini na mzigo, akipandisha kile kilima, ikifika usawa wa nyumba ya Bibi, kimya.

Nasimulia kwa jina langu la ubatizo, Goreti, kwa sababu nimechoka kusikia haya yakisimuliwa na watu ambao hawakuwepo. Jina la kijiji nalihifadhi. Ni upande wa Mnero, wanaojua watajua.

Mume wangu ni Rogath. Anafuata mikate Nachingwea mjini, anaisambaza kwenye maduka ya vijijini. Baiskeli yake ni ya umeme, ile ya kuchaji, ina kreti nyuma. Ilikuwa ya volti arobaini na nane, vilimani inahema. Idd, fundi wa mjini, akamshauri aipandishe iwe ya sitini. Wakabadilisha betri na kontrola, yaani kile kidude kinachogawa umeme kwenda kwenye mota.

Mkono wa kuongezea mwendo, ambao ndio una vile vitaa vya geji, wakauacha ule ule.

"Huu mzima, unautoa wa nini," Idd alisema.

Baiskeli ikawa moto wa kuotea mbali. Rogath akawa anatembea kifua mbele, mtaa mzima wake.

Sasa Bibi. Bibi Dafrosa ndiye aliyenilea baada ya mama kufariki. Anakaa peke yake juu ya kilima, unapoingia kijijini. Na mnajua bibi na mume wa mjukuu wake, ni utani mtupu. Kwake Rogath alikuwa "mume wangu", na mimi mke mdogo.

Jumapili moja alitaka apakiwe kwenda kanisani. Rogath akamwambia kuna kreti, hakuna nafasi. Bibi akajibu mbele za watu:

"Haya, mume wangu. Hicho kidude chako kitachoka mlangoni kwangu, utalala kwangu, na huyo mke mdogo ajue pa kukutafutia."

Watu walicheka mpaka basi. Hata Rogath alicheka.

Wiki ile ile ikazima mlangoni kwake.

Kilichomtisha Rogath ni geji. Vitaa vyote kijani, lakini akizungusha mkono hakuna kitu. Bibi akatoka na kikombe cha uji. "Si nilikwambia, mume wangu." Rogath akanywa, akapumzika, akajaribu tena. Ikaondoka mpaka nyumbani.

Ikajirudia. Ikajirudia tena. Ikizima anakaa kwa Bibi, anapewa chochote, akimaliza inakwenda.

"Goreti," akaniambia siku moja, anaongea taratibu kama mtu mwenye homa. "Nikila cha kwake, ananiachia."

"Unamzungumzia bibi yangu?"

"Namzungumzia mtu anayenifanyia ninachokiona."

Siku hiyo sikumpakulia chakula. Nampenda mume wangu, lakini pale nilimchukia.

Akairudisha kwa Idd. Idd akaangalia geji, imejaa. Akaizungusha uani, inakwenda. Akamwambia, "Kaka, hapa umeme hauna kosa. Kaongee na wazee wenu."

Maneno hayo yalifika kijijini kabla ya Rogath mwenyewe.

Hapo ndipo kilipoumana. Jumuiya yetu inasali nyumba hadi nyumba kwa zamu. Zamu ya Bibi ikarukwa, hakuna aliyesema kwa nini. Alitandika mkeka wake, akasubiri peke yake. Siku nyingine akakuta jivu limemwagwa mlangoni. Akafagia, akaniambia ni mbuzi wamechezea jiko la jirani.

Mjomba Eusebio, mtoto wake mkubwa na ndiye msemaji wa ukoo, akatuita.

"Tutaleta lambalamba wamsafishe," alisema. Hao ni wale wanaopita vijijini kutoa watu uchawi. "Akikataa, ahame."

"Mjomba, huyo ni mama yako."

"Ndiyo maana nataka ahame mapema. Unajua vijana wakichukua hatua wenyewe inakuwaje."

Nilijua. Sote tunajua bibi kizee akishatajwa inakuwaje. Nilimwomba anipe mpaka Jumamosi.

Nilikuwa nimesikia Ruangwa kuna fundi anaitwa Gwakisa, mtu wa Mbeya, anayeshughulika na vyombo vya umeme tu. Nikamng'ang'ania Rogath mpaka akakubali. Tukaipakia baiskeli kwenye lori dogo la Kenta, tukaenda.

Gwakisa alimsikiliza Rogath mpaka mwisho, uji na utani vyote. Halafu akauliza kitu kimoja.

"Mlipandisha volti?"

"Ndiyo."

"Na geji?"

"Ya zamani."

Akachukua kipimo chake cha umeme, akagusisha kwenye betri.

"Shemeji, hii geji ilitengenezwa kwa arobaini na nane. Betri ya sitini hata ikiwa hoi, kwake bado ni nyingi. Itawaka yote mpaka kontrola inakata umeme. Ukiipumzisha, betri inajirudi kidogo, unafika nyumbani."

"Mbona inazima pale pale?" Rogath akauliza.

"Pana kilima?"

"Pana."

"Umetoka mbali, una mzigo, chaji iko mwishoni, unakutana na kilima. Ulitaka ikuzimie wapi?"

Akaufungua mkono wa zamani, akaweka mpya wa volti sitini, wenye kioo cha namba. Waya alizipima moja moja kabla ya kuunga. Alisema ile ya geji inabeba umeme wote wa betri, ukiichanganya na ya mwendo unaunguza kontrola. Rogath alisimama pembeni mikono kichwani.

Jumamosi tukashuka Nachingwea, tukachaji mpaka ikajaa, akapakia mikate kama kawaida. Mimi nilimfuata na bodaboda. Tulipofika chini ya kilima, kioo kilikuwa na mstari mmoja tu, unawaka na kuzima.

Rogath akashuka.

"Nikipanda hapa inazima," akasema. "Ni chaji, Goreti. Ilikuwa chaji tu."

Akalia palepale barabarani. Tukaisukuma juu wote wawili. Alitaka apige magoti kwa Bibi kabla ya kufika kwetu.

Mlango una kufuli.

Lusiana, jirani yake, alitueleza. Usiku uliopita vijana walipiga bati lake mawe. Mjomba akaogopa, alfajiri akamchukua akampeleka Mtua kwa mdogo wake Bibi. Aliondoka na mkeka na rozari.

Niliumia, ila nikajipa moyo. Ushahidi si tunao.

Rogath akaanza kuchaji kidogo kwenye duka moja njiani, geji ikimwonyesha imepungua. Baiskeli haikuzima tena. Jumuiya ilipokutana akasimama ameshika mikono yote miwili ya baiskeli, wa zamani na mpya. Akaeleza volti, akaeleza kilima, akaomba msamaha mbele za watu. Nilimwonea fahari.

Mjomba akamsikiliza, kisha akauliza kwa upole kabisa.

"Baba, tangu mama aondoke, imezima?"

"Haijazima, Mjomba, lakini ni kwa sababu..."

"Haijazima."

Watu wakaitikia kwa vichwa. Mama mmoja akasema Mungu mkubwa. Nilichoka mwenyewe. Jinsi tulivyoitengeneza baiskeli vizuri, ndivyo tulivyomfungia Bibi njia ya kurudi.

Nikasema potelea mbali, wao wabaki na yao, nitamfuata mwenyewe. Nikaenda Mtua.

Bibi amekonda. Nilimweleza yote, geji, betri, fundi wa Ruangwa. Alisikiliza vizuri, mikono mapajani.

"Kwa hiyo sasa inapita pale kwangu?"

"Inapita, Bibi."

"Haizimi?"

"Haizimi."

Akaangalia viganja vyake.

"Basi huenda walisema kweli, mjukuu wangu. Labda mtu anaweza kuwa nao bila kujua."

Nilimshika mabega, nikaanza upya kumweleza habari za volti. Aliitikia kila neno, kwa adabu, kama anavyomwitikia mgeni. Hakuniamini. Kurudi nami alikataa, anasema asije akaniharibia nyumba.

Ndugu zangu, kitu kikikushinda kukielewa, sema kimenishinda. Usikitafutie mtu wa kumbebesha. Baiskeli ilipona kwa siku moja pale Ruangwa. Bibi yangu bado yuko Mtua, kila siku anasali rozari, anamwomba Mungu amtoe uchawi ambao hana.