Rimu Nne Chini ya Kitanda Changu

Juzi nilipita Makongeni bila haja yoyote. Kwenye kona ya kuingilia mtaani, mama mmoja alikuwa akichoma mahindi juu ya rimu kuukuu ya gari iliyojaa makaa. Umeshaliona jiko la namna hiyo, bila shaka. Eastlands nzima huchomea mahindi kwenye rimu. Lakini mimi, rafiki yangu, nikiona rimu ya gari husimama. Nilikua nikilala juu ya rimu nne.

Baba alikuwa fundi katika karakana ya reli, na nyumba yetu ilikuwa chumba kimoja chenye pazia katikati. Mlangoni, juu ya mawe, lilikaa gari dogo la mbio la milango miwili, alilolinunua bila magurudumu kutoka kwa mkubwa wake mmoja aliyekuwa akihama nchi. Zamani lilikuwa jekundu. Sisi tulilipata limechujuka hadi rangi ya matofali. Mama hakulipenda tangu siku lilipokokotwa kuja, maana yeye alikuwa ameahidiwa cherehani. Asubuhi moja alifunga mzigo, akanikumbatia, akaniambia nibaki kwa ajili ya shule. Kwa baba alisema neno moja tu: "Uza hilo gari, ndio nirudi." Akaenda kwao, magharibi.

Baba hakuliuza. Jirani yetu, mama wa Ukambani aliyechoma mahindi palepale konani, alimwambia kila jioni, "Jirani, mkaidi hafaidi ila siku ya Idi." Baba akawa anacheka. "Akiliona linatembea," alisema, "atapanda mwenyewe."

Basi akaenda Industrial Area kwa wauza vyuma vikuukuu, akarudi na rimu nne za gari la aina nyingine kabisa, pana kuliko zile za asili, zimekwaruzika na kuota ukungu mweupe. Matundu ya nati yalilingana, tundu la katikati likakataa. Alilichonga kwa tupa, akijaribu, akitoa, akichonga tena. Mimi nikapewa msasa na ndoo ya maji. Jioni baada ya jioni tulikaa kwenye vigoda nje ya mlango tukisugua, maji ya kijivu yakiteremka mtaroni, harufu ya petroli ikichanganyika na ya mboga ya sukuma iliyokaangwa na majirani. "Rangi haifichi uvivu," alikuwa akisema, na kidole chake kikipata mkwaruzo, tulianza upya. Tukimaliza, tulizisukuma chini ya kitanda changu, kwa kuwa rimu ikilala nje Makongeni, kesho utaiona sokoni.

Siku ya kupiga rangi, mtaa wetu ulikuwa na desturi yake. Fundi akining'iniza kitu kwenye bomba la kuanikia nguo, hakuna aliyefagia, hakuna aliyekung'uta mkeka wala kuwasha jiko upande ule, vumbi na majivu visije vikaganda. Mama wa mahindi siku hiyo alikunywa chai ya jana. Nilijua safari hii wanafanya hivyo ili mama yangu arudi, na nilitamani kulia. Kisha jioni kila mtu aliingia kwake, nikasikia vijiko na vicheko nyuma ya milango, na sisi wawili tukabaki tukitazama rimu zikikauka.

Lakini rangi ile ilibambuka. Tukaibandua yote. Mvua zikaja, baba akahamishiwa zamu nyingine, kazi ikasimama, ikaanza tena. Na mimi nilikuwa nikikua. Kazi ilipoanza nilikuwa najibanza nyuma ya viti viwili vya gari lile, kwenye kijinafasi cha kuwekea koti, na hapo nilikuwa nimeshajipangia safari yetu: mama mbele, mimi nyuma yake, nikishika kitambaa chake cha kichwa.

Siku gari liliposhuka, vijana wa mtaa walipiga mbinja. "Niaje mzee! Ndinga imetoka kwa mawe!" Rimu ziling'aa hata nikauona uso wangu ndani yake. Nilikimbia kuingia mahali pangu. Magoti yakakataa. Nikajaribu kiupande, yakakataa. Baba alinitazama, kisha akaitazama spana mkononi. Mtu yule alikuwa amepima kila kitu cha gari lile ila mimi.

"Baki na jirani," alisema. "Narudi na mama."

Nililala kwa mama wa mahindi, nikishtuka kila injini iliponguruma. Kesho yake jioni gari likaja taratibu. Kwenye kiti cha pembeni palikuwa na mkungu mdogo wa ndizi, umefungwa mkanda kama abiria. Baba aliutoa, akaniambia, "Ingia."

Tulishika Jogoo Road. Nilikuwa nimeisubiri safari ile miaka, na sikuiona barabara kwa machozi.

"Mama yako alilizunguka lote," baba alisema. "Akazisifu rimu. Halafu akaniuliza, 'Na mtoto ulipanga akae wapi?'"

"Ukamwambia nini?"

"Nilipakia ndizi, nikageuza gari."

Gari lilirudi juu ya mawe, rimu zikarudi chini ya kitanda changu. Mama nilikuwa nikimwona likizoni tu, hadi mwisho wake. Baba naye amekwenda. Gari lilibebwa na wauza vyuma, na juzi nilipomuuliza yule mama wa kona kuhusu jirani yetu, alisema hajawahi kumsikia. Hata bomba la nguo limeng'olewa.

Nilipokuwa nikinunua gari langu, muuzaji alinisimulia mambo ya injini. Mimi nilifungua mlango wa nyuma, nikakaa, nikaona magoti yanaenea, nikasema nalichukua. Lina viti vitano. Juzi pale Makongeni vinne vilikuwa vitupu, na mahindi niliyala peke yangu kabla hayajapoa.